Klaudia Aliyeogopa Kukonda

Klaudia wa Ijumbi alikuwa mnene, na katika miaka ile unene ulikuwa na maana yake. Ugonjwa ulioingia Kagera baada ya vita, ambao watu waliuita Juliana kabla hawajafundishwa kuuita ukimwi, ulikuwa ukiwakausha watu kwanza ndipo uwamalize. Shavu likibonyea, majirani walianza kunong'ona. Nguo ikilegea, hata mchumba alivunja uchumba. Kwa hiyo mama wa miaka hamsini na mitano, aliyejaza benchi la kanisani na kumbakizia mwenzake pembe ndogo, alitazamwa kwa wivu. Wanawake waliokutana naye njiani walimshika mkono karibu na bega, wakaubonyeza, wakasema, "Waitu, wewe Mungu anakupenda." Klaudia aliitikia kwa upole, huku akijiuliza ni nani aliyewatuma kumbonyeza.

Ndivyo alivyokuwa. Ukimsalimia vizuri, alijiuliza unataka nini. Ukimsalimia vibaya, alijua. Wala sitaki kumcheka sana, kwa sababu alikuwa na sababu zake. Mumewe alikwenda vitani na mgambo mwaka 1979, akafia ng'ambo ya Mto Kagera. Aliyeleta habari ni mdogo wa marehemu, Rutashobya, aliyekwenda naye na kurudi peke yake. Hata matanga hayajaisha, Klaudia akamwona shemeji yake asubuhi moja akitembea kwenye mpaka wa kibanja, yaani shamba la nyumbani, akigusa mti mmoja baada ya mwingine kama mtu anayehesabu mbuzi wake. Alipoulizwa, alisema anatazama kama jirani hajasogeza mpaka. Huenda ilikuwa kweli. Klaudia hakumwamini siku ile, wala hakumwamini kwa miaka kumi na mitatu iliyofuata.

Kibanja chenyewe, pamoja na migomba yake, kahawa yake na nyumba ya bati, kilikuwa kimerithiwa na mwanawe wa pekee. Mwana akafa mwaka 1989, mkwe akafuata mwaka uliofuata, wakabaki wajukuu wanne. Ukoo ukaamua kwamba kibanja ni cha mjukuu wa kiume, mtoto wa miaka sita, na bibi atakuwa mwangalizi mpaka mtoto akue. Bibi akifa au akishindwa, ukoo utakaa kumchagua mwangalizi mwingine. Kila mtu alijua angechaguliwa nani. Klaudia alikuwa amewaona wajane wangapi Muleba wakirudishwa kwao na mzigo wa nguo kichwani, watoto wakigawanywa kama vifaranga! Basi alijipa kazi moja tu duniani, kubaki hai na kuonekana mzima mpaka yule mtoto aote ndevu.

Kazi hiyo usingizi ukaanza kuiharibu. Klaudia alisinzia kanisani, hilo si ajabu, wengi walisinzia. Alisinzia akipalilia. Msibani kwa jirani alisinzia katikati ya kulia, akakoroma mpaka wafiwa wenyewe wakashindwa kujizuia kucheka, na aibu ile ilimkaa moyoni mwaka mzima. Halafu siku moja mchana alisinzia mbele ya mafiga, kanga ikashika moto. Rozi, mjukuu wake mkubwa mwenye miaka kumi na miwili, ndiye aliyemmwagia maji ya kuoshea vyombo. Mguu ulibabuka kutoka kifundoni hadi karibu na goti.

Rozi alijua zaidi ya hayo, maana alilala na bibi yake kitanda kimoja. Bibi alikoroma kwa nguvu, kisha ghafla kimya. Pumzi hakuna. Rozi alihesabu hadi ishirini, mara nyingine thelathini, ndipo bibi akashtuka na kuvuta hewa kama mtu aliyezamishwa ziwani. Mtoto alikuwa amezoea kumsukuma kwa kiwiko. Baada ya moto ule aliona mambo yamemzidi, akaenda kumwambia Rutashobya.

Kesho yake asubuhi Rutashobya akaja, shati limepigwa pasi.

"Shemeji, kuna daktari wa koo amekuja kwenye hospitali ya misheni. Ametoka Mwanza, atakaa wiki tatu. Twende akutazame."

"Koo langu lina nini?"

"Unakata pumzi usingizini."

"Nani kakwambia?"

Rozi, aliyekuwa akichambua maharage, aliinamisha kichwa zaidi.

"Mimi sina ugonjwa," Klaudia alisema. "Hebu nitazame."

"Nakutazama, shemeji. Ndiyo maana nimekuja."

Maneno hayo Klaudia aliyageuza siku tatu. Ananitazama kwa nini? Tangu lini? Mwishoni alikubali kwenda, si kwa kusadiki, bali kwa sababu mguu ulioungua ulimtisha, na kwa sababu aliona akikataa atakuwa amempa Rutashobya la kusema mbele ya ukoo.

Daktari aliitwa Mayunga, Msukuma mrefu aliyesema Kiswahili polepole. Pembeni yake alikuwepo nesi Getruda, mzaliwa wa Kagoma, ambaye mama wa vijijini wakikwama kwenye Kiswahili aliwavusha kwa Kihaya. Daktari alimsikiliza Klaudia, akamtazama mdomoni, akabonyeza shingo, akakaa.

"Mama, ukilala, kuna mahali njia yako ya hewa inaziba. Sijui ni wapi, kwa sababu ukiwa macho naiona ni nzima kabisa. Inabidi ulale mbele yangu."

"Nilale mchana, hapa?"

"Nitakupa sindano ya kukulaza kidogo. Halafu nitapitisha puani mpira mwembamba wenye taa, nitazame njia inafungia wapi. Huko nilikosomea wameanza kufanya hivi juzijuzi tu."

Rutashobya, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaingilia. "Daktari, si mumkate kimeo tu? Huku kwetu mtu akisumbuliwa na koo anakatwa kimeo, basi."

"Nikikata kabla sijaona, nitakuwa nimebomoa ukuta kumtafuta panya aliyeko darini."

Klaudia katika yote hayo alisikia jambo moja, kwamba atalazwa. Kusinzia mwenyewe ni bahati mbaya. Kulazwa na watu usiowajua, shemeji yako akisubiri nje, ni jambo lingine kabisa. Mtu aliyelala hawezi kukataa kitu. Watamtoa damu wakaipime, kila mtu alikuwa akisema hospitali wanafanya hivyo kimyakimya. Watamshika kidole gumba, wakichovye kwenye wino, wakibandike kwenye karatasi ya kibanja. Akiamka atajikuta mgeni kwenye nyumba yake.

"Ndani atakuwepo nani?" aliuliza.

"Mimi na Getruda. Na ndugu yako, akipenda."

"Asipende," alisema Klaudia.

Alilazwa wodini, akaambiwa tangu jioni asile wala asinywe. Alitii. Hata tone la maji hakugusa. Ila ndani ya mzigo wake wa nguo alikuwa na akamwani, yaani kahawa iliyochemshwa na maganda yake, ikakaushwa, ya kutafuna. Kwetu mgeni huwekewa hiyo kabla ya neno lolote. Klaudia alikuwa amewaona wanaume wakiitafuna kwenye mikesha ya misiba, kukakucha hakuna aliyefumba jicho. Akapiga hesabu zake. Kahawa inayoshinda usiku mzima itashindwaje na sindano moja? Jogoo wa kwanza alipowika akaanza kutafuna, punje baada ya punje, maganda akiyatemea kwenye kitambaa. Kisha akachana kipande cha kanga kuukuu, akafunga vidole gumba vyote viwili, fundo juu ya fundo.

Getruda alipokuja kumchukua aliviona. "Vidole vimefanya nini, mama?"

"Viliungua na moto ule ule."

"Haya. Umekula chochote?"

"Sijala."

"Umekunywa?"

"Sijanywa."

"Fungua mdomo."

Ulimi ulikuwa wa kahawia, na vipande vya maganda vimekwama kwenye magego.

"Mama, hii ni nini?"

"Kahawa."

"Si umesema hujala?"

"Kahawa inaliwa?" aliuliza Klaudia, na hapo hakuwa anadanganya hata kidogo.

Getruda, kwa kuwa alizaliwa Kagoma, alimwelewa. Akamgeukia daktari. "Daktari, huku kwetu kutafuna kahawa si kula."

"Na tumbo lake linajua hivyo?" Mayunga aliuliza. Akaeleza kwa uvumilivu kwamba aliyelazwa na dawa akiwa na kitu tumboni au mdomoni anaweza kukivuta mapafuni akafa, na kwamba moyo wake sasa hivi unakimbia kama wa mtu aliyefukuzwa na nyuki. Kazi ikaahirishwa mpaka kesho. Akamwani ikachukuliwa, na Getruda akamkabidhi nani? Rutashobya! Akaitia kwenye mfuko wa koti. Usiku ule Klaudia alilala akiliona koti hilo kupitia dirisha la wodi, mwenye koti ameketi kwenye benchi la barazani. Ananilinda nisitoroke, alijiambia, akazidi kuyakaza yale mafundo.

Kesho yake akawekwa mezani. Alipiga moyo konde kwamba hatalala. Getruda akamwambia ahesabu, akahesabu kwa sauti kubwa ya kumtisha mtu, na alifika saba.

Alipofumbua macho, alianza na vidole. Vitambaa vilikuwepo, mafundo ni yale yale ya mkono wake. Kisha akakagua mikono. Matundu mawili.

"Mlisema sindano moja."

"Mshipa wa kwanza ulikimbia, mama," Getruda alisema. "Nikahamia wa pili."

Mshipa unakimbia kwenda wapi? Klaudia hakuuliza. Aliliweka jambo hilo akibani pamoja na mengine.

Alasiri, alipokwisha kuamka sawasawa, daktari alikuja akamwita na Rutashobya asikie. "Kimeo chako hakina kosa lolote," alisema. "Tungekikata, tungekukata bure, na ungeendelea kukata pumzi. Nimeona kwa macho yangu. Ukilala chali, ulimi unarudi nyuma, unaziba njia yote. Nilipokugeuza ubavuni, njia ikafunguka, lakini nusu tu."

"Kwa hiyo hakuna kisu?" Klaudia aliuliza.

"Hakuna. Usilale chali tena maisha yako yote. Shona kitu kigumu mgongoni mwa gauni la kulalia, kikuume kila ukigeuka. Lubisi, hiyo pombe yenu ya ndizi, jioni uache. Na ile nusu iliyobaki inabanwa na nyama ya shingoni. Unene upungue."

"Nikonde?"

"Kilo ishirini, ukiweza."

Getruda alianza kutafsiri, akaacha, akatazama sakafu. Alikuwa mwenyeji, alijua anachoambiwa huyu mama.

"Nisipokonda?"

"Kila usiku moyo wako unapigana. Siwezi kukutajia miaka, mama. Lakini si mingi."

Klaudia akamgeukia Rutashobya. "Umesikia?"

"Nimesikia, shemeji."

"Nikikonda, watu watasemaje?"

Rutashobya alitazama nje, kwenye migomba ya hospitali, asijibu. Kimya kile Klaudia alikielewa alivyotaka. Mtu huyu hahitaji wino wala karatasi. Atakaa tu asubiri nipungue, kisha ataita ukoo.

Alirudi Ijumbi, akasokota majani makavu ya mgomba yakawa donge gumu kama ngumi, akalishona mgongoni mwa gauni. Wiki ya kwanza alilaani kila alipogeuka. Wiki ya pili Rozi akapumzisha kiwiko. Mchana kusinzia kukapungua, Klaudia akashangaa kumbe alasiri ni ndefu kiasi kile. Ila bado asubuhi aliamka kichwa kikigonga, na bado mara mojamoja alikata pumzi. Ile nusu ya daktari ilikuwa palepale.

Basi akaanza kupunguza chakula. Karanga akaacha, sahani akaigawa nusu, gulioni Kagoma akawa anakwenda na kurudi kwa miguu. Mwezi wa tatu tangu atoke hospitali, mgongo wa gauni ulianza kupwaya. Kichwa kikaacha kuuma. Alipanda kilima cha kisimani bila kutua ndoo. Alikuwa hajajisikia vizuri hivyo tangu kabla ya vita, na hakuna mtu aliyembonyeza mkono tena.

Gulioni Kagoma, muuza dagaa aliyezoeana naye miaka mingi alimwekea fungu lake chini, asimpe mkononi. Kanisani benchi likawa na nafasi, na nafasi ile haikujazwa. Mama mmoja wa jumuiya alikuja kumuuliza kwa sauti laini kama wajukuu wana mablanketi ya kutosha, na Klaudia alijua maana ya mablanketi: hugawiwa yatima. Kila alipozidi kupona, ndivyo watu walivyozidi kumzika. Akaogopa, akaogopa kweli, na kwa wiki mbili alirudia kula kama zamani. Kiwiko cha Rozi kikarudi kazini. Asubuhi moja alimkuta mtoto amekaa kitandani, macho mekundu, hajalala kwa kumlinda. Klaudia alilia peke yake jikoni, akapunguza chakula tena.

Mwezi wa sita tangu hospitali ukaja ujumbe. Rutashobya amemwomba Aristides, mkuu wa ukoo, aite kikao Jumapili baada ya misa. Shauri ni la nyumba ya Klaudia.

"Nilijua," alisema Klaudia. Na nisiseme uongo, ndani ya hofu yake kulikuwa na raha kidogo, ile raha ya mtu aliyesema tangu mwanzo. Jumapili akavaa magauni mawili, la tatu juu yake, ili ajaze. Jasho lilimtiririka tangu wimbo wa kuingia.

Uani kwa Aristides wanaume walikaa kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka. Klaudia alijikuta na mkeka mzima peke yake. Aristides alifungua kwa maneno machache, akampa nafasi Rutashobya, naye akasimama na koti lake ingawa jua lilikuwa kali.

"Mnaona wenyewe Klaudia amekonda," alianza. "Na najua mnavyosema, kwa sababu mnakuja kunieleza mimi, mkidhani nitafurahi."

Watu walitazama miguu yao. Klaudia alikuwa ameyapanga maneno yake, ya mpaka, ya vita, ya matundu mawili. Alivuta pumzi ili ainuke.

"Klaudia hana ugonjwa. Anakonda kwa amri ya daktari, nilikuwepo, nilisikia. Mgonjwa ni mimi."

Katika ukoo ule hakuna aliyewahi kutamka hivyo kwa mdomo wake. Watu walikuwa wakifa kwa malaria, kwa kifua, kwa kurogwa.

"Nilipimwa Bukoba mjini kabla hatujaenda kwa daktari," Rutashobya aliendelea. "Mama watoto wangu alikufa kwa huohuo, tukasema ni kifua. Nina watoto watatu. Nilipopewa majibu, niliwapitia kichwani watu wa ukoo huu mmoja mmoja, kwamba miaka kumi ijayo nani atakuwepo awalee. Nikamchagua yeye. Halafu Rozi akaja kuniambia bibi anakata pumzi. Mnadhani kwa nini nilimkimbiza kwa daktari? Nililala barazani nikiomba huyu mwanamke asife. Basi kibanja chake kisiguswe. Na changu, nikiondoka, kiwe chini ya uangalizi wake. Mwenye kusema Klaudia ni mgonjwa, aseme sasa, nikiwa bado nimesimama."

Rutashobya alipoketi, waliokuwa naye kwenye benchi walijisogeza kidogo, huyu huku na yule kule, bila kutazamana.

Klaudia alidhani ni ujanja. Hata hapo! Aliligeuza jambo lile kama mtu anayekagua kitambaa sokoni, akitafuta tundu, asilione. Ndipo akamtazama shemeji yake vizuri. Kola ya shati ilikuwa imemzidi, vidole viwili vingepita kati yake na shingo, na koti lilikuwa likining'inia mabegani. Miezi yote ile alikuwa akiichunga mikono ya mtu huyu, iko wapi, inashika nini. Shingo hakuitazama hata siku moja. Aibu ilimchoma mpaka masikio yakawaka. Na hasira pia ilikuwepo, kwamba amechaguliwa kama mtu anavyochagua mtamba, bila kuulizwa.

"Ungeniambia, Rutashobya," alisema mbele ya wote.

"Ungeniamini?"

"Nisingekuamini."

Aliinuka, akaacha mkeka wake, akavuka ua. Akaketi kwenye benchi la wanaume, pale palipobaki wazi, bega lake likigusa la Rutashobya.

"Watoto wako wanakula saa ngapi?"

"Jua likizama."

"Huyo mdogo ameanza ndizi au bado ni uji tu?"

"Ndizi anakula. Samaki hapendi."

"Atapenda," alisema Klaudia.